Matanga ya Fundi Aliyebaki Nje

Si zamani sana, na wala si mbali na hapo ulipokaa, palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu yenyewe haipendi kutajwa bila kibali. Ilikuwa nchi ya amani. Amani ilikuwa nyingi hata ikabidi iwekewe walinzi, na walinzi nao wakawekewa walinzi wao. Kiongozi wake aliitwa Mlezi wa Taifa, na alikuwa amelea kwa miaka thelathini na moja bila kupumzika, maana kila alipotaka kupumzika wananchi walimlilia asithubutu. Haya aliyasema mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Katika mji wa pili wa nchi hiyo, mtaa wa Stesheni, aliishi fundi cherehani aitwaye Skolastika Mbawala. Duka lake lilikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu cha wateja, na televisheni juu ya kabati la vitambaa. Kila Alhamisi saa kumi alasiri cherehani zilinyamaza, na mtaa mzima ukajazana mle ndani, wengine wakikalia mafungu ya nguo za watu, kutazama mfululizo wa Kilimia.

Kilimia kilikuwa chombo cha angani kilichobeba watu mia mbili kwenda kutafuta sayari nyingine ya kulima. Kuta zake zilikuwa mabati ya kuezekea, viti vilikuwa vimeng'olewa kwenye basi bovu, na usukani ulikuwa mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau. Kila mtu alijua kwamba ule ni mfuniko. Lakini Nahodha Tabu alipoushika na kuuzungusha, na nyota zikaanza kukimbia dirishani, nani alikuwa na muda wa kufikiria pilau? Skolastika alimpenda zaidi Fundi Mkuu Chande, mtu mnene mwenye kisirani, aliyekuwa akitengeneza kila kilichoharibika huku akilalamika kwamba hakuna anayesema ahsante. Yeye mwenyewe alikuwa fundi, akamwelewa.

Balaa lilianza katika sehemu ya thelathini na nane. Muda wa Nahodha Tabu kuongoza chombo ulikwisha, naye akavua kofia, akamkabidhi naibu wake funguo, akaenda jikoni kuosha vyombo. Akaosha sahani zote huku anaimba. Dukani watu walipiga makofi. Ikulu, inasemekana, hawakupiga.

Alhamisi iliyofuata Fundi Chande alitoka nje ya chombo kurekebisha antena, akiwa na hewa ya nusu saa mgongoni. Alipomaliza aligonga mlango afunguliwe. Naibu nahodha alinyoosha mkono kwenye kitufe, kidole kikakikaribia kabisa, na hapo picha ikakatika. Badala yake yalitokea mahindi. Yalikuwa mahindi mengi na marefu, na katikati yake Mlezi wa Taifa alikuwa amesimama akiyaangalia. Aliyaangalia kwa dakika ishirini na tano, kisha ukapigwa wimbo wa taifa.

Kesho yake Wizara ya Utulivu na Vipindi ilitoa tamko. "Baada ya utafiti wa kina," lilisema, "imebainika kwamba anga za juu hazina manufaa kwa mkulima wa kawaida. Aidha, chombo husika kimekuwa kikiruka kwa mwaka mzima bila leseni. Mfululizo umesitishwa tangu ulipokatika, na wananchi wanaelekezwa kuufurahia usitishwaji huo."

"Na Chande?" aliuliza Skolastika, akiwa bado ameshika gazeti. "Mbona hawajasema habari za Chande?"

"Chande yuko nje," alijibu Bi Mkunde, muuza uji wa jirani. "Na hewa yake ya nusu saa. Maskini ya Mungu."

Hivyo ndivyo ilivyoundwa Kamati ya Kumrudisha Chande. Ilikuwa na wajumbe watatu. Skolastika alikuwa mwenyekiti kwa sababu televisheni ni yake, na Bi Mkunde alikuwa mweka uji. Katibu alikuwa Mzee Ngwali Fereji, karani mstaafu aliyekaa masjala za serikali miaka thelathini na sita akatoka na akili zake timamu, jambo ambalo madaktari walikuwa bado wanalichunguza.

Kwanza waliandika barua ya maombi. Ilirudi na maelezo kwamba barua ya maombi lazima iambatane na ridhaa ya yule anayelalamikiwa. Wakaomba ridhaa. Wakajibiwa kwamba anayelalamikiwa hana kosa, kwa hiyo hana cha kuridhia. Mzee Ngwali aliisoma ile barua mara mbili kwa furaha kubwa. "Hii imeandikwa na mtu aliyesoma," alisema.

Halafu Bi Mkunde akaja na wazo la hewa. Kama tatizo la Chande ni hewa, kwa nini asipelekewe? Skolastika alijaza pumzi mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwa kamba, akaandika juu yake "Kwa Fundi Chande, nje ya Kilimia," akaupeleka posta. Habari zikaenea. Kabla ya wiki mbili kwisha, mapokezi ya kituo cha televisheni yalikuwa yamejaa mipira ya baiskeli, mipira ya malori, maputo na mifuko ya plastiki iliyofungwa mdomo, kila mmoja na pumzi ya mwananchi ndani yake. Ikawa mkurugenzi wa kituo anaingia ofisini kupitia dirishani. Serikali ikatangaza kwamba hewa ni mali ya umma, na kuisafirisha bila kibali ni utoroshaji wa rasilimali. Bi Mkunde alihojiwa siku nzima, akaachiwa kwa sharti la kupumua kwa matumizi yake binafsi tu.

Baada ya hapo wapenzi wa Kilimia waliogopa hata kukutana. Sheria ya nchi ile ilikuwa wazi: watu watano wakikaa pamoja ni mazungumzo, wakifika sita ni maandamano yaliyochoka. Msiba peke yake ndio ulioachwa huru. Waandishi wa sheria walikuwa binadamu, wana wazazi, na walijua kwamba siku moja na wao watahitaji watu wa kuwazika.

"Basi tuweke matanga," alisema Mzee Ngwali.

"Matanga ya nani?"

"Ya Chande, mwanangu. Tunafunga turubai, tunatandika mikeka, watu wanakuja. Ni desturi kwenye matanga watu wakumbushane alivyokuwa mwenda zake, sivyo? Basi sisi tutakumbushana kuanzia sehemu ya kwanza. Nani atavunja msiba? Hata shetani akipita penye msiba huvua kofia."

Bi Mkunde alicheka mpaka akashika mbavu. Skolastika hakucheka. Aliinamia cherehani, akashona mshono mzima ambao haukuwa na haja ya kushonwa.

"Mimi sitamlilia mtu ambaye hajafa," alisema mwishowe.

Wale wawili walitazamana, kwa sababu walijua hapazungumzwi Chande. Miaka mitatu na miezi minne nyuma, watu wawili wenye adabu walikuja kumchukua Thobias, mume wake, fundi wa taa za ishara wa reli. Walisema wanamhitaji kwa maswali mawili tu. Kila mwezi Skolastika alikwenda mji mkuu kuulizia kwenye jengo lisilo na kibao, na kila mwezi karani alifungua daftari, akapitisha kidole, akamjibu kwa upole, "Bado yuko kwenye swali la kwanza, mama." Hakuruhusiwa kuweka matanga, kwa sababu kumlilia mtu aliye mikononi mwa serikali ni kuituhumu serikali. Hakuruhusiwa kumtafuta, kwa sababu hajapotea. Jina lenyewe watu waliacha kulitaja mbele yake, wakidhani wanamhurumia. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Ilikuwa imefika mahali anajifungia chumba cha kupimia nguo, analitaja mwenyewe mbele ya kioo, asije akalisahau mdomoni.

"Hatutasema marehemu," alisema Mzee Ngwali taratibu. "Tutasema aliye nje. Turubai litakuwa la msiba, lakini maneno tutayachagua wenyewe. Nakuahidi mbele ya Mungu na mbele ya Bi Mkunde."

Skolastika akakata uzi kwa meno, akakubali.

Turubai lilifungwa Jumatatu, katikati ya mtaa wa Stesheni. Wanawake walikaa kwenye mikeka na wanaume kwenye mabenchi. Mawe matatu yakabeba sufuria moja kubwa, ambayo mfuniko wake ulitolewa kila alasiri kwa heshima zote kwenda kuwa usukani. Skolastika alikuwa amewashonea watu sare za Kilimia, za kahawia zenye ukosi wa rangi ya chungwa, zikavaliwa na watu wa makamo bila aibu yoyote. Siku ya kwanza walisimulia sehemu ya kwanza, ya pili wakasimulia ya pili na ya tatu. Kisha kusimulia kukawa hakutoshi, watu wakaanza kusimama na kuigiza. Kinyozi wa stesheni akawa naibu nahodha. Bi Mkunde akawa Nahodha Tabu, akaosha vyombo kwa uchungu kiasi kwamba watu waliomba aoshe tena, na kwa kuwa vyombo vya msiba havikwisha, aliosha.

Polisi walikuja siku ya tatu, sajenti mmoja na askari wanne, wamebeba kipaza sauti.

"Huu ni mkusanyiko gani?" aliuliza sajenti.

"Msiba, afande," alijibu Mzee Ngwali. "Karibuni."

Sajenti alikuwa mtu wa malezi mazuri. Alivua kofia, akatoa pole, akakaa benchini, kwani haiwezekani kupita msibani bila kukaa. Akaletewa sahani ya wali maharage, kwani haiwezekani kukaa msibani bila kula. Alipokuwa anakula aliuliza kwa sauti ya chini aliye nje alikuwa mtu wa namna gani, na Bi Mkunde akamweleza habari ya mtambo wa maji ulioharibika karibu na sayari ya tatu. Saa kumi na mbili sajenti alikuwa bado hajasimama. Ripoti aliyoipeleka kituoni ilisema: "Ni msiba halali. Marehemu alikuwa fundi mzuri ila mkali. Naomba ruhusa ya kurudi kesho kwa uchunguzi zaidi."

Ikawa kila siku wanakuja watu wapya. Walitoka miji mingine kwa treni, wakashuka stesheni na virago, wakauliza, "Msiba wa angani uko wapi?" Simulizi za zamani zilipokwisha walianza kutunga mpya. Chombo kilipita penye sayari ya vumbi, kikapigana na majambazi wa mbalamwezi, na ndani yake watu walichagua manahodha wengine wanne. Ila mlango haukufunguliwa. Skolastika alikataa. "Chande hataingizwa kwa maneno yetu," alisema. "Waliomfungia ndio wamfungulie." Naye aliona jambo ambalo hakumwambia mtu. Palikuwa na wanawake pale mikekani ambao hawakuvaa sare, hawakuijua hata sehemu moja, na walilia kupita kiasi cha msiba wa televisheni. Walikuja mapema, wakakaa mwishoni, wakajifunika khanga. Alipowapelekea chai aliwapa mkono, wakashikana kwa muda mrefu bila kuulizana.

Siku ya thelathini na tano, Baraza la Mawaziri likakaa. Matanga yalikuwa yamefika miji kumi na moja. Waziri mmoja alipendekeza maturubai yapigwe marufuku, akakumbushwa kwamba yeye ndiye anayeyauza. Mwingine akapendekeza msiba upigwe marufuku. Mlezi wa Taifa, ambaye umri ulikuwa umekwenda, alimtazama yule mtu kwa macho ambayo yalimfanya ajiuzulu kabla ya chai. Ndipo aliposimama Waziri wa Utulivu na Vipindi, Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Festo Kidunda. Ubalozi aliupata alipokosa uwaziri, udaktari aliupata kwenye sherehe, na uhandisi aliupata kwenye sherehe nyingine.

"Waheshimiwa," alisema, "msiba hauwezi kuvunjwa. Lakini msiba usio na maiti si msiba. Nitakwenda mwenyewe niwatangazie kwamba marehemu hajafa."

Walimpigia makofi dakika saba.

Alifika Jumamosi asubuhi na msafara wa magari, bendi ya magereza, na magunia mawili ya mchele kama rambirambi, kwani hata aliyekuja kuukanusha msiba hawezi kuja mikono mitupu. Kamera za televisheni zilifungwa kurusha moja kwa moja. Skolastika alikuwa amekaa mkeka wa mbele. Mheshimiwa alikohoa, bendi ikadhani ni ishara, ikapiga, ikanyamazishwa.

"Ndugu wafiwa," alianza, "ambao kuanzia dakika hii si wafiwa tena! Serikali yenu sikivu imefuatilia. Imepekua. Imejiridhisha. Natamka mbele ya taifa kwamba ndugu Chande hajafa! Ametoka nje kwa muda tu. Mtu akitoka nje, hata akikaa sana, serikali haimhesabu kuwa amekufa. Huo ndio msimamo, na umepigwa muhuri. Na kwa mapenzi ya Mlezi wetu, mfululizo unarudi, na Chande atafunguliwa mlango kabla ya Sikukuu ya Utii!"

Lo! Mtaa ulilipuka. Watu walirusha kofia, sajenti akamkumbatia kinyozi, Mzee Ngwali akatoa miwani akaifuta na kuivaa na kuifuta tena. Walikuwa wameshinda. Mheshimiwa alisubiri vigelegele vipungue, akauliza kama kuna yeyote mwenye neno la shukrani.

Skolastika hakuwa amepanga kusimama. Hilo aliapa baadaye, nami namwamini. Alijikuta yuko wima na kipaza sauti kiko mkononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nataka kuelewa vizuri. Aliyetoka nje akawa hajarudi, serikali inasema yuko hai?"

"Yuko hai, mama! Asilimia mia!"

"Na kumfungulia mlango arudi ni kazi ya nani?"

"Ya serikali! Ya nani tena?"

"Na hii ni kwa Chande peke yake, ama kwa wote walioachwa nje?"

Mheshimiwa aligeuka kidogo. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuutazama mfululizo hata siku moja. Alikuwa mtu wa kazi, televisheni aliitazama anapokuwemo. Akamnong'oneza msaidizi wake, "Kwani walioachwa nje ni wengi?" Msaidizi naye hakuwahi kuutazama, na aliogopa kujulikana. "Wengi, Mheshimiwa," alinong'ona. "Ni mfululizo mrefu."

"Kwa wote!" akanguruma Mheshimiwa. "Serikali hii haibagui! Wataje, mama. Msaidizi ataandika, nami nitatia saini hapa hapa."

Skolastika alilijua jina lile kuliko anavyolijua lake mwenyewe.

"Thobias Mbawala," alisema. "Fundi wa taa za ishara."

"Thobias Mbawala, fundi wa taa," alirudia msaidizi, akiandika. "Mwingine?"

Nyuma kabisa, mwanamke mmoja aliyejifunika khanga alisimama. "Hamza Kirobo," alisema. "Mwalimu." Akasimama wa pili. "Wanangu wawili, Petro na Paskali Ndunguru, wote wanafunzi." Akasimama mzee mmoja akamtaja binti yake, mwandishi wa gazeti ambalo halipo tena. Waliendelea kusimama kwa muda wa karibu saa nzima, wengine wakilia, wengine wamekauka macho. Sajenti alielewa kabla ya wengine. Alikuwa na kipaza sauti chake, alikuwa na askari wanne, na alikuwa na wajibu. Akavua kofia, akaiweka gotini, akatazama chini.

Pamoja na la Chande, yalifika majina arobaini na moja. Mheshimiwa alifurahi sana kuona mfululizo una wahusika wengi hivyo wenye kazi za heshima. Akatia saini, akapiga muhuri, akaondoka na bendi yake.

Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilisomwa na yule mama mwenye sauti nzito, yule yule anayesoma teuzi za Mlezi. Skolastika alikuwa amesimama dukani na futi ya kupimia shingoni. "Waraka wa Serikali namba saba," ilisema televisheni. "Wafuatao wako hai, wako nje kwa muda, na watarejeshwa kabla ya Sikukuu ya Utii. Chande, fundi mkuu. Thobias Mbawala, fundi wa taa za ishara." Bi Mkunde alimshika asianguke. Miaka mitatu na miezi mitano hakuna aliyelitaja, na sasa lilikuwa limetajwa nchi nzima, kwa sauti ya serikali, kwa utulivu, mahali pake katika orodha. Alilia kwa furaha na kwa hasira, vyote viwili, na hakujizuia.

Kule mji mkuu, jengo lisilo na kibao lilisikiliza taarifa ile ile, na simu zikaanza kulia. Lakini ingefanywa nini? Waraka wa serikali katika nchi ile haukosei. Kuufuta ni kukiri kwamba ulikosea, na aliyewahi kupendekeza hivyo, huko nyuma, naye alikuwa ametoka nje kwa muda. Jengo liliulizwa kimaandishi kama linaweza kuwatoa watu arobaini kabla ya sikukuu. Likajibu kimaandishi kwamba "kwa sasa hawapo katika hali ya kutolewa." Mheshimiwa Kidunda alikaa na jibu lile siku mbili, hali, halali. Siku ya tatu akili ikamjia. Hii ilikuwa kazi ya televisheni, na televisheni ina waigizaji.

Ndipo Jumatano moja asubuhi kijana wa miaka kama thelathini hivi, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi, akapiga hodi dukani.

"Shikamoo, mama. Samahani. Mimi ndiye Thobias."

Skolastika aliweka mkasi chini, kwa sababu aliogopa kuwa nao mkononi. Yule kijana akatoa barua haraka. Iliandikwa kwamba yeye, mwigizaji wa daraja la tatu, ameteuliwa kuwa Thobias Mbawala, na atarejea nchini moja kwa moja hewani siku ya Sikukuu ya Utii, akiwa na wenzake thelathini na tisa na Chande mwenyewe.

"Toka," alisema Skolastika.

"Nitatoka, mama. Ila nimeambiwa nijaze hii kwanza." Akatoa fomu. "Hakuna mwandishi aliyepewa maneno yetu. Kila mmoja ana dakika tatu za kusema alitoka vipi na alikuwa wapi. Hapa kwenye fomu pako wazi. Pameandikwa, familia itajaza. Na tumeonywa tusikosee hata neno moja, waraka usije ukaonekana wa uongo."

Skolastika aliichukua fomu, akaisoma mpaka chini, kwenye muhuri. Hasira ilikuwa imemjaa hadi kooni, naye hakuiondoa, ila aliisogeza kidogo ipate kupisha jambo jingine.

"Moja kwa moja hewani?"

"Ndiyo, mama. Kwa sababu ya shangwe. Kukata haiwezekani."

"Vuta kiti," alisema. "Andika."

Akaanza kumweleza. Alimwambia ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Thobias ana kikombe cha chai mkononi. Akamtajia jina la mmoja wa wale watu wawili, maana alikuwa mteja wake na suruali yake aliwahi kuipunguza kiuno. Kijana aliandika, akaandika, kisha kalamu ikasimama.

"Mama," alisema, "nikiyasema haya pale, na mimi si nitachukuliwa?"

Angeweza kumdanganya. Alimtazama, akaona ni mtoto wa mtu, ukosi wake umegeuzwa na kushonwa upya na mkono unaojua kazi.

"Inawezekana sana, mwanangu."

Mtaani treni ya mizigo ilipita, vioo vya duka vikatikisika, ikaisha. Skolastika alivuta daftari lake la vipimo, akafungua ukurasa mpya.

"Jina lako mwenyewe nani? La kwenu, si la barua."

"Deogratias Nyambari."

"Mama yako anaitwa nani, na anakaa wapi?"

Akamwambia. Skolastika aliandika kwa herufi kubwa, akamsomea, akahakikisha hakuna kilichokosewa, akaweka tarehe. Kijana alilitazama jina lake pale kwenye karatasi kwa muda, kisha akashika kalamu tena.

"Tulikuwa tumefika kwenye gari," alisema. "Lilikuwa la rangi gani?"

"Jeupe," alisema Skolastika. "Andika jeupe. Na mlango wa nyuma haukuwa na kitasa kwa ndani."